Saini ya Bwana Viti

9 Februari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Mama, na kwa shemeji yangu, ambaye najua anaisoma barua hii juu ya bega lako huku akijifanya anatafuta miwani. Mimi ni mzima. Mafua yalinipata yakaniacha, koti nililonunua linanibana kwapani, na mwenye nyumba wangu bado ananiita kwa jina la mpangaji aliyenitangulia. Nimeacha kumsahihisha. Yule bwana alikuwa akilipa kodi mapema, kwa hiyo jina lake lina heshima kuliko langu.

Mama aliuliza kama nimepandishwa cheo. Mwambie ndiyo. Mwambie polepole, akiwa ameketi.

Unaijua kazi yangu hapa ubalozini. Mimi ni afisa itifaki, yaani mtu anayeamua nani akae karibu na nani kwenye karamu, na bendera ipi isimame kulia. Wenzangu wananiita Bwana Viti. Basi jeshi la jirani zetu lilipoingia mji wetu mkuu, Balozi aliisikiliza redio hadi mwisho, akalegeza tai, akasema moyo unamwenda mbio. Akalazwa, na barua ya kujiuzulu akaiandikia kitandani. Katibu wa Kwanza, yule mtanashati tunayemwita Bwana Marashi kwa kuwa harufu yake hufika kabla yake, alifunga mizigo akaenda kuwapokea waliotuvamia. Alisema nchi haiwezi kukaa bila watu wenye uzoefu. Wengine wakatawanyika. Tukabaki mimi na mpishi. Mpishi si mwanadiplomasia, kwa hiyo Kaimu Balozi ni mimi.

Sasa shika kiti. Akiba yote ya taifa, ile dhahabu na fedha ambayo serikali yetu iliiweka kwenye benki kuu ya nchi hii kabla ya vita, bado iko hapa. Utawala wa kijeshi huko nyumbani unaidai. Serikali yetu iliyokimbilia uhamishoni nayo inaidai, kutoka hotelini ilikojibanza. Wenyeji wetu hawataki kumuudhi mtu. Wamesema hawatoi hata senti mpaka waone saini ya mkuu wa ubalozi aliyemo kwenye kumbukumbu zao. Aliyemo ni mimi, kwa sababu mwaka juzi Balozi alikwenda kung'olewa jino nikamkaimu mwisho wa wiki mmoja.

Yaani taifa zima limewaponyoka watu wazima mikononi, likaniangukia mimi. Usicheke sana, kuna wagonjwa hapo wodini kwako.

Nduguyo,
Kaimu Balozi (bado nakizoea cheo hiki)


27 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako imenifikia jana kupitia shirika la misaada. Imefunguliwa, ikasomwa, ikabandikwa kwa gundi ya hovyo. Aliyeisoma amepigia mstari neno "kwapani". Sijui aliona ni siri gani ya kijeshi.

Sisi tuko salama, tukilinganisha na wengine. Mama magoti yanamsumbua lakini ulimi hauna tatizo. Mimi bado ni mkuu wa wodi ya wazazi, na watoto wanazaliwa kana kwamba hawana habari na yanayoendelea. Sebuleni kwetu analala kapteni wao mmoja. Anavua viatu mlangoni, anakunja blanketi lake, anamsalimia Mama kwa adabu. Hilo ndilo linaloniudhi. Nilitaka nipate mtu wa kumchukia vizuri, nikaletewa huyu.

Redioni wanakutangaza wewe. Wanasema kuna mwizi mmoja ughaibuni amekalia mali ya wananchi. Majirani wakaja kumpa pole Mama. Mama akawaambia, "Mwanangu kuiba hawezi. Si kwamba ni mwema, hesabu ndiyo haijui." Naona amekutetea kuliko wakili yeyote.

Lakini kwa kweli, mdogo wangu, wewe uliyekuwa ukitumwa sukari unarudi na kiberiti! Hawakumpata mwingine?

Shemeji yako hajambo. Yuko kazini mbali kidogo, mambo ya mabomba. Hakupata nafasi ya kuandika chochote. Anakusalimu.

Kula vizuri.

Dada yako


20 Aprili

Dada mpendwa,

Nakushukuru kwa habari, na mshukuru Mama kwa kunisafishia jina. Mimi sijambo, ila nimekonda kidogo, na sababu yake ni ya kidiplomasia.

Bwana Marashi amerudi. Amekuja na sanduku jipya na hati ya utawala wa kijeshi inayosema yeye ndiye balozi. Wenyeji hawakumkubali wala hawakumfukuza. Wao wanakaa katikati mpaka wanachosha. Walituma afisa wa Wizara ya Mambo ya Nje, akalizunguka jengo letu akiwa na uso wa mtu anayegawa mirathi, akaamua Bwana Marashi akae chini na mimi nikae juu. Hakukumbuka kwamba jiko liko chini na bafu liko juu. Kwa hiyo balozi wa wavamizi hupanda kwangu kuoga, na mimi hushuka kwake kula. Tumekubaliana ngazi isiwe ya mtu. Tukikutana katikati hatusalimiani rasmi, tunainamishiana kichwa tu kama watu waliokopeshana kitu zamani. Mpishi hayuko upande wowote. Anatupa supu moja, na wote wawili haturidhiki.

Waziri wetu wa Fedha naye ananiletea simu za maandishi kutoka hotelini. Moja inasema nitie saini akiba yote ihamishiwe kwake haraka. Ya pili inasema nisitie saini kitu. Ya tatu inauliza nilipata vipi ile ya pili, kwa kuwa aliyeituma hana ruhusa. Nasikia mawaziri hawasalimiani hata kwenye lifti. Nasikia pia hoteli imeanza kuwagongea milango kuhusu bili.

Kila wiki naitwa benki. Hapo yupo mwanasheria wao, mama mwembamba mwenye mafua yasiyoisha, ambaye huniuliza, "Mheshimiwa, umeamua?" Nami hukunja uso, nikatazama dirishani kama mtu mwenye mawazo mazito, nikasema bado natafakari. Ukweli ni kwamba huwa natafakari kama kule chini wameniachia mkate.

Sasa, dada. Shemeji hajawahi kuiacha barua yangu ipite bila kunisahihisha tahajia pembeni. Hata mwaka ule alipovunjika mkono aliandika kwa mkono wa kushoto. Hayo ni mabomba gani yanayomnyima mtu penseli?

Nijibu.

Nduguyo


2 Juni

Kwa Mheshimiwa Kaimu Balozi, ndugu yangu,

Natumaini barua hii itakukuta katika afya njema. Sisi sote ni wazima. Hali ya nchi ni shwari na kazi zinaendelea.

Tangu utotoni umekuwa mtu mwerevu, mwenye busara na mpenda watu. Familia yote inajivunia hekima yako. Ndiyo sababu nakusihi utie saini hati za benki ili mali ya wananchi irudi kwa wananchi, chini ya utawala uliopo, ambao unahitaji fedha hizo kwa mishahara, chakula na hospitali.

Wodini kwangu hakuna dawa ya kuzuia damu wala ya usingizi. Mwezi uliopita nilipoteza akina mama ambao mwaka jana wangerudi nyumbani kwa miguu yao.

Usiwasikilize wanaokaa hotelini. Mumeo wa dada yako pia anakuomba hivyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dada yako


19 Juni

Dada yangu,

Salamu kwako na kwa Mama. Salamu pia kwa bwana anayeisoma barua hii kabla yenu. Naona kazi yako ni ngumu, ndugu, na mwandiko wangu hauisaidii.

Nimeipokea barua yako ya tarehe mbili. Nimeisoma nikiwa nimesimama, kisha nimeketi, kisha nikaenda kujitazama kwenye kioo cha bafu nimwone huyo mtu mwerevu na mwenye busara. Hakuwepo. Tangu nizaliwe hujawahi kuniita mwerevu. Siku niliyopata shahada ulisema, "Kumbe hata chuo kina huruma." Na "mumeo wa dada yako" si maneno yako, ni ya mtu aliyejifunza lugha yetu ukubwani. Aliyekuandikia barua ile mwambie nampa pole, amejitahidi.

Maneno ya wodini peke yake ndiyo yaliyokuwa na sauti yako.

Jana Bwana Marashi alinisubiri kwenye ngazi, taulo begani, maji yakimchuruzika masikioni. Akasema, "Shemeji yako anaendelea vizuri, licha ya mahali alipo."

Nikamuuliza, "Mahali gani?"

Akanitazama kwa huruma ya kweli, dada, na hilo ndilo lililonitisha. "Hujaambiwa? Yuko gerezani tangu Februari. Aliulizwa ramani za mabomba ya maji ya mji, akasema zimeungua. Miwani yake imevunjika kioo kimoja." Kisha akasogea karibu. "Wewe tia saini tu. Wiki hiyohiyo atakuwa nyumbani. Nimeahidiwa na wakubwa."

Nilitaka kumjibu maneno ya kukumbukwa. Nilichosema ni, "Umemaliza maji ya moto?" Kisha nikaingia chumbani nikakaa sakafuni, kiti kikiwa palepale karibu yangu.

Kwa nini hukuniambia? Nauliza hivyo huku najua kwa nini. Lakini nauliza.

Nduguyo


8 Julai

Mdogo wangu,

Barua hii anaibeba daktari wa shirika la misaada ndani ya soksi, kwa hiyo haijasomwa na mtu, na samahani kwa harufu. Mama anakusalimu. Anasema habari za kwamba umekonda zimemkosesha usingizi kuliko vita.

Nisikilize. Ni kweli. Walikuja kumchukua asubuhi, tukiwa mezani. Walimruhusu amalize chai. Hakuimaliza, aliimwaga kwenye sinki, akasuuza kikombe, akakiweka mahali pake. Unamjua alivyo. Sikukuambia kwa sababu nilijua wakikushika hapo watakuwa wamekushika pabaya, na nilidhani nikinyamaza hawatafika. Mimi mwerevu wa familia! Nilisahau kwamba waliomfunga wanajua yuko wapi, na wanaweza kukuambia wenyewe.

Ile barua niliandikishwa na kapteni wa sebuleni. Alikaa mkabala nami, anasema, naandika. Alipofika kwenye neno "hekima" nilicheka, nikashindwa kujizuia, akadhani nalia, akaniletea maji. Mstari wa wodini nilimwomba aniruhusu niuongeze mwenyewe. Ni wa kweli wote. Nimesimama mbele ya wanawake wawili wiki hii, mikono mitupu, nawaambia vuta pumzi.

Sasa unangoja nikuambie usitie saini. Unataka dada shujaa. Huna. Mimi namtaka mume wangu. Nazitaka dawa. Usiku nalala upande wangu wa kitanda kana kwamba yupo, asubuhi najiona mjinga. Najua fedha hizo wakizipata watazigeuza nini, nawaona wakipita barabarani kila siku na magari yao. Najua. Lakini ukitia saini nitakushukuru huku nakudharau, na usipotia nitakudharau huku nakushukuru. Sina msaada mwingine wa kukupa. Uliza watu wenye akili, kama huko wamebaki.

Nakupenda. Hilo nalo haliko kwenye desturi zetu, kwa hiyo lisome mara moja tu.

Dada yako


14 Agosti

Dada,

Naandika barua hii upesi kwa kuwa daktari anaondoka asubuhi. Salamu zote zichukue kama zimetolewa. Nina jambo, na nikianza na mzaha sitalifikia.

Jumatatu tuliitwa benki sote. Bwana Marashi alikuwepo. Waziri wa Fedha wa hotelini alikuwepo pia. Alisafiri mwenyewe, na suti yake ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja. Mama wa mafua aliketi kati yao. Kama kawaida yangu nikaanza kuwaza nani angepaswa kukaa wapi, na nikagundua kwamba mimi ndiye niliyewekwa vibaya.

Waziri alisema, "Kijana, tia saini kwetu. Ni amri." Nikamuuliza fedha zitafanya nini. Akasema zitaihifadhi heshima ya serikali. Nikamuuliza kama heshima hiyo ina vyumba vingapi. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. Nadhani ilikuwa njaa.

Kisha Bwana Marashi akaniwekea mbele hati yake. Pembeni yake akaweka karatasi nyingine, yenye mhuri, iliyoamuru shemeji aachiwe. Jina lake lote limeandikwa, limekosewa herufi moja. Nilimsikia kichwani akilisahihisha.

Nilishika kalamu, dada. Siwezi kukwambia kwamba nilisitasita kama mtu wa heshima. Nilishika kalamu, nikaifungua, nikaweka mkono kwenye karatasi. Niliwaza juu ya kikombe alichosuuza. Nilikuwa naandika, kabisa. Wino ulikwishagusa.

Bwana Marashi alifurahi mpaka akataka kunifariji. Akaniwekea mkono begani. "Unafanya vizuri," akasema. "Hata vita vitaisha haraka. Kule kusini wanajeshi wanangoja tu tuwanunulie mizinga..." Akanyamaza. Angenyamaza sekunde moja kabla, shemeji angekuwa nyumbani leo.

Sote tulisikia. Kusini ndiko walikobaki watu wetu wanaopigana, na wanakijiji waliokimbilia huko. Nilijaribu kujifanya sikusikia, nikashindwa. Nikainua kalamu. Pale palikuwa na nukta moja ya wino, basi. Nikasema, "Samahani." Nadhani nilimwambia shemeji, lakini aliyeitikia ni Bwana Marashi.

Kila mtu akaanza kupiga kelele. Katikati ya kelele nikamuuliza mama wa mafua swali la kijinga, kwa maana maswali hayo ndiyo ninayoyajua. Nikasema, "Lazima fedha ziende kwa serikali? Haziwezi kwenda kwa mgonjwa?"

Akashusha kitambaa puani. "Akiba yenyewe haiwezi kuguswa bila kuamuliwa ni ya serikali ipi," akasema. "Lakini akiba inazaa faida kila mwaka. Hiyo faida ubalozi umekuwa ukiielekeza kwa saini yake wenyewe, kwa karo za wanafunzi, kwa matibabu. Hakuna aliyeiulizia tangu vita vianze. Wote wanataka shina."

Nikasema basi faida yote inunue dawa. Inunuliwe hapahapa na shirika la misaada, ipelekwe na shirika, ikabidhiwe wodini na shirika. Fedha zisipite kwa mwenye bunduki wala kwa mwenye hoteli. Waziri akapaza sauti kwamba ni uhaini. Bwana Marashi akapaza sauti kwamba ni uhaini. Ndilo jambo la kwanza serikali zote mbili kukubaliana tangu vita vianze, na jambo lenyewe ni mimi.

Nikatia saini. Mama wa mafua akapiga mhuri kabla hawajamaliza kupumua.

Jioni hotelini wakatuma maneno kwamba nimefukuzwa kazi. Utawala wa kijeshi ukatangaza kwamba nimevuliwa uraia. Nimemwaga unga pande zote mbili kwa siku moja. Mpishi alinipa nyama kwa mara ya kwanza, kwa hiyo nadhani naye ameacha kukaa katikati.

Karatasi ya kumwachia shemeji Bwana Marashi aliikunja akaitia mfukoni. Niliitazama mpaka ikaisha kuonekana. Nilikuwa nayo karibu hivi, dada, kama sahani ilivyo karibu na mlaji. Nimeiacha.

Sikuombi uniandikie.

Nduguyo


3 Oktoba

Dada,

Nilisema sikuombi uniandikie. Nilikuwa najitia ukubwa. Naomba.

Nimehama. Nafanya kazi kwenye ukumbi wa harusi. Zamani nilivipanga viti kwa kalamu, sasa navibeba kwa mgongo, na kwa kweli watu wa harusi hugombana kuliko mabalozi. Mwenye ukumbi ananiita Mheshimiwa, kwa kejeli, lakini analipa.

Mama hajambo? Wewe je? Sitauliza zaidi.

Nduguyo


11 Novemba

Mdogo wangu,

Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na si kwa sababu nyingine yoyote, kwa hiyo usihangaike kutafuta. Barua yako ya Agosti niliichana. Kisha nikaokota vipande vyote, nikavikalia chumbani nikivipanga kama mwendawazimu, maana nilitaka kusoma tena pale kwenye nukta ya wino.

Mama hajambo. Kapteni wetu amehamishwa. Aliyekuja baada yake havui viatu, na sasa angalau najua cha kufanya na uso wangu.

Makasha yamefika. Maofisa wao walipiga nao picha kwanza, mikono viunoni, kana kwamba wao ndio walioyanunua. Shirika lilisimama kidete likayafikisha mpaka wodini, na daktari yule wa soksi akayafungua mbele yangu. Nilipoiona dawa ya kuzuia damu nilikaa juu ya kasha. Wauguzi wangu wakadhani nasali. Nilikuwa nakutukana, mdogo wangu. Nilikutukana vizuri, kwa majina yako yote, mpaka nikachoka, kisha nikaamka nikaenda kumpa dawa mama mmoja wa pacha. Wamepona, wote watatu.

Shemeji yako amehamishiwa kambi ya mbali. Hawapokei barua. Huko, nasikia, walinzi humwambia kila asubuhi kwamba shemeji yake alikuwa na kalamu mkononi.

Hayo tu kwa leo. Vaa nguo nzito.

Dada yako


24 Mei

Mdogo wangu,

Utakuwa umesikia redioni kwamba wameondoka. Waliondoka kama walivyokuja, kwa kelele, wakabeba hata mapazia ya posta. Serikali ya hotelini imerudi, na waziri wako wa fedha amehutubia kwamba aliilinda akiba ya taifa kwa jasho lake. Mama alizima redio kwa fimbo. Tutahitaji redio nyingine.

Amerudi.

Alikuja kwa miguu, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe. Sikio moja halisikii. Meno ya mbele hakuna. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miezi, na nilichomwambia ni, "Umechelewa." Akasema, "Njia mbaya." Basi tukaanza kuishi tena.

Nimempa barua zako zote, pamoja na ile niliyoiunganisha kwa gundi. Alizisoma siku nzima uani. Hakusahihisha kitu. Jioni aliniambia, "Alifanya sawa." Nikafurahi, nikasema nimwandikie aje? Akasema, "Alifanya sawa, na sitaki kumwona." Nikamuuliza maana yake nini. Akasema maana yake ni hiyohiyo.

Sijui nikushauri nini. Usije kwanza.

Dada yako


17 Juni

Dada,

Nimeipokea. Nimecheka kuhusu redio, kisha nimelia kwenye stoo ya ukumbi, nyuma ya viti, pahala panaponifaa. Mwambie sitakuja mpaka aseme yeye. Mwambie pia sina cha kujitetea. La, usimwambie hivyo, atadhani nimeanza kujitetea.

Serikali imenirudishia uraia. Cheo hawajakitaja, nami sijakiulizia.

Yu hai. Hilo nalisema peke yangu nikibeba meza. Wenzangu wamezoea.

Nduguyo


9 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Mama anakusalimu, nami nakusalimu, na hizi zote ni fupi kwa kuwa nina habari.

Jana shemeji yako alikuwa anatengeneza bomba la jikoni, kichwa ndani ya kabati. Akasema, bila kutoka, "Mwambie aje." Nikadhani sikusikia. Nikaendelea kukata vitunguu, naogopa kuharibu. Akasema tena, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri, mpaka majirani wakajua, "Mwambie aje!"

Nikamuuliza nani akupokee kituoni, mimi niko zamu wiki yote. Akatoka kabatini, akajifuta mikono. "Mimi," akasema. "Yeye hatajua pa kupita. Madaraja yote yamevunjwa, na ni mimi tu ninayejua mto unavukika wapi."

Basi njoo. Vaa viatu vya kutembelea, ni mwendo mrefu mpaka nyumbani. Kaa upande wa sikio lake zima. Na akinyamaza njia nzima, nakusihi, usiujaze ukimya huo kwa mizaha yako. Tembea naye tu.

Dada yako